Mkoba Nilioufungua Mlangoni

Watu wa nyumbani Kigoma walipoiona picha niliyopiga mbele ya kasino huku kusini mwa Afrika, nimevaa suti nyeusi na nyuma yangu maji ya rangi rangi yanaruka juu, walisema nimeula. Sikuwaambia kwamba lango lile sisi wafanyakazi hatukuruhusiwa kulipita. Tulipita nyuma, penye mapipa ya taka za jikoni, tukibadilisha viatu huku tumesimama kwa mguu mmoja. Suti yenyewe ilikuwa ya kampuni, na ilinibana makwapani. Ndani, dari ilipakwa rangi ya anga lenye mawingu, ukutani hakuna saa hata moja, na zulia lilikuwa zito kiasi kwamba mtu akianguka husikii kishindo. Niliwahi kumwona mzee akianguka. Jirani yake alimtazama kidogo, kisha akaendelea kubonyeza mashine yake.

Kazi yangu ilikuwa kupekua mikoba ya wanawake mlangoni, zamu ya mchana. Nilikuwa nimepanga Rosettenville, mtaa wa wahamiaji kusini mwa jiji, chumba cha uani, kwa mama mmoja Mkongomani wa Uvira. Alikuwa mjane, fundi wa kushona magauni ya kwaya na vitenge, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo. Binti yake, tuliyelingana umri, alisuka nywele Joubert Park, katikati ya jiji, na kurudi jioni amechoka vidole. Mimi nilikula kwao kuliko nilivyopika kwangu. Nilimwita mama, na nilimaanisha.

Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo. Kwao hawana desturi hiyo, kwa hiyo mwanzoni alinicheka: "Nyinyi Batanzania, munapiga magoti na mudomo!" Lakini nilipomfundisha kujibu marahaba aliipenda sana. Nikipita bila kumwamkia alinuna mpaka jioni.

Nilipohamia, cherehani zilikuwa tatu. Mwaka 2018 ilikuwa imebaki moja. Mteja wake mmoja alimpeleka kasino siku ambayo wazee hupewa chakula cha mchana bure, akacheza, akashinda kidogo, na balaa likaanzia hapo. Alikuwa akipita mlangoni kwangu. Nilifungua mkoba wake, nikaufunga, nikajitia hamnazo. Nilijiambia ni mtu mzima, na pesa ni zake. Hayo ndiyo maneno tunayosema sote tuliokuwa tunalishwa na nyumba ile ya taa.

Cherehani ya pili ilipoondoka, binti alilia mpaka mama mwenyewe akasalimu amri. Akaniambia, "Mutoto yangu, unipeleke kwa mukubwa yenu, anifungie mulango."

Kulikuwa na fomu ya namna hiyo. Mtu anaomba mwenyewe akatazwe kuingia, anapigwa picha, na picha inapelekwa kwa walinzi. Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni tu, basi nilikaa naye ofisini siku yangu ya mapumziko nikamsomea fomu kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Palikuwa na sehemu inayosema: nikatazeni hata nikija mwenyewe kuomba niruhusiwe. Nilimsomea mara mbili. Alicheka. "Miye niombe? Nimuombe nani?" Akatia saini, akakaza kilemba, akaniuliza kama kwenye picha anatakiwa kutabasamu.

Miezi minne ilikuwa ya amani, ila mama mwenyewe alibadilika. Alishona, ndiyo, cherehani ilinguruma kutwa, lakini alikuwa mkali kama pilipili. Chumvi ilimkera, redio ilimkera, viatu vyangu mlangoni vilimkera. Binti alikuwa akiniuliza kwa macho tufanye nini. Nayasema haya kwa sababu ni sehemu ya kosa langu. Nyumba ilikuwa imekuwa nzito na mimi nilichoka kuibeba.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, akatokea kwenye foleni yangu. Amevaa gauni la kanisani na mkoba mweusi. Kabla akili haijafanya kazi, mdomo wangu ulishasema shikamoo mama. Akajibu marahaba, kwa sauti ya furaha ambayo sikuisikia kwa miezi minne.

"Nataka tu kwenda choo," akasema. "Nasubiri mutu hapa inje, tumbo inanisumbua."

Wanaotoka kwetu watanielewa, ingawa sitaki kueleweka. Ukishamwamkia mtu shikamoo, unamwambiaje rudi, huruhusiwi, tena choo? Mbele ya foleni ya watu, mama aliyekulisha? Nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa tayari analalamika, "Eish, dada, tunachelewa." Nikaufungua mkoba kama kazi ilivyotaka. Kulikuwa na Biblia, leso, na bahasha ya kaki iliyovimba. Niliiona. Nilijua bahasha ya namna hiyo haiendi chooni. Nikainua macho, naye alikuwa ananitazama, uso umelainika, anasubiri. Na mimi nilitaka jioni ile arudi nyumbani akiwa na uso ule.

Nikaufunga mkoba. Nikamwambia, "Pita, mama."

Hakutoka. Saa tano, saa saba, saa tisa. Kila mara niliposikia mashine ikipiga kengele za ushindi niliomba iwe ni yake, sala ya kijinga kuliko zote nilizowahi kusali. Ningeweza kumwita msimamizi, lakini msimamizi angeuliza aliingiaje.

Karibu na saa kumi wakamleta wenyewe, msimamizi na mtu wa kamera, wamemweka katikati. Mkoba aliushika wazi, hakuwa na haja tena ya kuufunga. Msimamizi alinikuta mlangoni, akaniuliza kwa Kiingereza, "Unamjua huyu?"

"Hapana, bosi," nikasema.

Kiingereza cha kiasi hicho mama alikijua. Hakushtuka. Aliniangalia tu, jinsi alivyokuwa akiangalia kitambaa kabla ya kutia mkasi.

"Lakini si unazungumza lugha yao? Muulize nani alimruhusu."

Nikamgeukia. Sauti yangu ilitoka kavu, ya kiofisi, kana kwamba sijawahi kulamba kijiko chake. "Mama, anauliza nani amekuruhusu kupita."

Watu wote wamesimama pale, na hakuna anayetuelewa ila sisi wawili. Angeweza kunitukana. Angeweza kulia. Alisema polepole, kama anayejibu swali, "Umwambie nilipita kule kwenye magari. Umwambie hatujuane. Chunga kazi yako." Kisha akaongeza: "Ile cherehani nimeuzisha leo asubuhi. Binti hajue bado."

Nikatafsiri. Nikasema amepitia mlango wa maegesho. Yale mengine niliyaacha kwenye koo langu. Msimamizi aliandika, akaniomba radhi kwa kunisumbua, na mlinzi wa mlango wa maegesho, kijana wa watu ambaye hakufanya lolote, alipewa onyo la maandishi. Nikarudi kwenye foleni ya mikoba.

Nilirudi nyumbani kwa miguu makusudi, nikizunguka, ili kabla sijafika yawe yameshasemwa. Duka lilikuwa kimya. Mahali pa cherehani palikuwa na alama nne za miguu yake sakafuni na vipande vya uzi. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kushonea, mikono mapajani. Binti alinijia kabla sijavua viatu, macho mekundu, akanishika mikono yote miwili.

"Dada, mama ameniambia yote," akasema. "Kwamba ni wewe ulimuona mule ndani, ukaita wakubwa bamutoe. Wengine wangeona haya. Bila wewe angeuza mpaka kitanda. Mungu akubariki."

Nilimtazama mama. Alitikisa kichwa kidogo sana, bintiye asione, kunikataza.

Binti akaleta sahani, fufu na sombe, ugali wa muhogo na kisamvu cha kwao, akaniwekea samaki mkubwa kuliko wa mama yake. Nilisema sina njaa. "Kula, mutoto yangu," mama akasema. "Ulifanya kazi leo."

Nikanawa mikono, nikala, nikamaliza. Binti aliponiuliza kama aniongeze, nilisema ndiyo, maana mama alikuwa bado ananiangalia.