Sweta Nililomfumia Baba Watoto

Kosa lilikuwa langu, na sitafuti wa kumtupia.

Miaka ile ya soko huria tajiri mmoja alifungua bustani ya wanyama chini ya Mlima Meru, watalii waje kutazama viboko kwenye bwawa la saruji. Mume wangu ndiye aliyewalisha. Kila jioni alirudi kijijini kwetu Akheri na habari mbaya: maji hayabadilishwi, ngozi zinapasuka kwa jua, mtoto wa kiboko kafa na kufukiwa nyuma ya stoo. Tajiri alishawaonya wafanyakazi: "Atakayepeleka maneno nje nitamjua, na Arusha hii atahama." Mume wangu akawa hali akashiba.

Ndipo walipokuja wageni wawili na kamera, wanatengeneza filamu ya wanyama wanaoteswa. Wakaahidi kumpiga picha kwa nyuma, uso usionekane, hata sauti wataibadilisha. Akakubali, akakaa na shati lake la kazi. Mimi na kiherehere changu! "Baba watoto, utapigwaje picha unanuka samadi? Watu watasema huna mke." Kwetu mtu hapigwi picha hivi hivi. Nikamtolea sweta la Krismasi, nililolifuma mwenyewe, la maruni, na mistari mitatu ya kijani mgongoni. Alizungumza mpaka akalia.

Miezi ikapita. Tukasema yamekwisha.

Jumapili moja baada ya ibada, mume wangu akaenda kukata majani ya ng'ombe. Mara hodi! Tajiri mwenyewe, mpole kama mchumba, mkononi mfuko. Nikamwekea chai. Hakuigusa. Alikuwa akitazama vitambaa vya makochi, navyo kazi yangu.

"Mama, una mikono wewe! Kuna sweta nililiona, la maruni, mistari ya kijani mgongoni. Baridi ya huku inaniua. Utanifumia kama lile?"

Nikadhani aliliona Krismasi. Jamani, sifa! Nikacheka kabisa. "Lile? Nimefuma moja tu, la baba watoto."

Akatoa kwenye mfuko kaseti ya video, akaiweka mezani.

"Asante, mama. Nilitaka kujua hilo tu."

Kumbe sweta aliliona kwenye filamu ile! Nilitaka nikimbie nimzuie mume wangu njiani, lakini tayari nilimsikia nyuma ya migomba anarudi, anaimba pambio la asubuhi.

Tajiri akajiegemeza vizuri, akavuta kikombe, akaanza kunywa chai yangu.