Bajeti ya Kuinua Pikapu ya Baba

Fundi wa Nyakato alilala chini ya pikapu ya marehemu baba, akagonga springi za nyuma, akatoka akitikisa kichwa. "Bosi, hizi zimechoka. Weka springi nyingine, shokapu nne na ubolti ndefu za kuzifungia, itapanda. Bunda utapata za mtumba." Akaniuliza gari itakuwa inabeba nini, nikamjibu. Jumla ilikuwa bei ya ng'ombe wawili, na mimi ninao watatu.

Tatizo ni jiwe moja korongoni, karibu na kwetu Butiama. Tulipomrudisha baba kutoka Musoma kumzika, dereva nilikuwa mimi. Nilikuwa na haraka ya kijinga. Difu la ekseli ya nyuma likakaa juu ya jiwe, tukakwama, ikabidi jeneza lishushwe na kulazwa pale chini. Kwetu maiti halazwi njiani kabla hajafika kwake. Wazee walinieleza bila kunionea haya: hata tukimzika nyumbani, pale alipolazwa ndipo atakapobaki.

Nyundo na asubuhi moja vingelimaliza jiwe lile, bure kabisa. Hakuna anayethubutu, hata mimi ninayejifanya msomi.

Sasa mama ana kliniki Musoma kila mwezi. Gari tupu hupita kwa kukwaruza, kwa hiyo yeye hushuka, humsalimia baba, huvuka kwa miguu. Mwezi uliopita miguu ilimvimba. Alikaa juu ya jiwe karibu saa nzima akiongea na baba kwa sauti ya chini, nami sikuwa na ubavu wa kumwambia tuondoke.

Jumamosi nilikwenda korongoni kupima ni kiasi gani gari lipande. Alama ya difu bado ipo. Vidole vinne vingetosha. Nikajikuta nimesema, "Shikamoo, baba." Niliona aibu, kisha nikasimama nikingoja aitikie.

Jioni nilimwambia mama kuhusu kuuza ng'ombe niinue gari. Akacheka kidogo.

"Baba yako alikuwaga anapapita hapo na magunia ya pamba. Hakuwaga na haraka." Akaniangalia. "Hiyo gari unaiinua ya kunipeleka, ama ya kunirudisha?"

"Ya kukupeleka, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua maharage. Mimi nilishindwa kumwangalia. Fundi alipouliza gari itakuwa inabeba nini, nilimjibu bila hata kufikiri: jeneza na watu sita.