Ndege Wangu, Mpunga Wake

Tangu nistaafu ualimu, asubuhi zangu ni za ndege. Nyumba yangu iko pembezoni mwa mji wa Kilosa, mahali ambapo bonde hubaki na maji hata mvua zikishaaga, na kila chenye bawa au magamba huona uwanja wangu ni hoteli. Yangeyange wanatembea kwenye majani kama wakaguzi wa shule. Kenge mmoja mnene huja kunywa kwenye beseni la kuku, na tumeshagombana mara nyingi kuhusu mayai. Mdogo wangu, anayetembeza wageni mbugani Mikumi, alinipa darubini yake ya zamani yenye mkwaruzo kwenye kioo, na tangu siku hiyo sijanywa chai ikiwa ya moto.

Niliowapenda kuliko wote ni minana. Walikuwa wamening'iniza viota vyao kwenye mgunga ulio kando ya ua, ndege wadogo wa manjano, wenye kelele, wagomvi kuliko darasa la nne lisilo na mwalimu. Dume akimaliza kufuma, jike huja kukagua. Asiporidhika kiota kinafumuliwa na kazi inaanza upya. Nilikuwa nacheka peke yangu. Kila asubuhi niliwamwagia chenga za mchele nilizoleta kutoka mashineni, nao wakazoea kushuka mpaka karibu na miguu yangu. Sitaficha: nilijiona mtu mwema.

Ng'ambo ya ua kuna shamba la mpunga. Mwaka jana lililimwa na jirani mgeni, mama kijana aliyehamia huku na mumewe kutoka Kanda ya Ziwa. Mume alikuwa ameenda na ng'ombe upande wa Rudewa kutafuta malisho, na yeye akabaki na mtoto mgongoni na shamba hilo moja, chakula chao cha mwaka mzima. Mpunga ulipoanza kuweka maziwa, alijenga dungu la miti katikati ya shamba, akawa anapanda juu alfajiri na kushuka giza likiingia, akiwafukuza ndege kwa kombeo na debe kuukuu. Aliyewahi kulima mpunga huku anajua: wiki hizo hata kanisani huendi.

Jioni moja akaja kwangu. Alipiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za shamba?"

"Nzuri, Mwalimu. Ila ndege." Akautazama mgunga, akainamisha macho. "Nilikuwa naomba, kama inawezekana, tuviangushe vile viota."

Hasira ilinipanda. Viota vilikuwa na makinda. Nikampa somo zima akiwa amesimama pale pale: kwamba wanaomaliza mpunga ni kwelea, wanaokuja kwa makundi kutoka mbali, kwamba minana huwalisha watoto wao wadudu, kwa hiyo wanamsaidia, na angepaswa kuwashukuru. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, Mwalimu. Asante," akasema, akaenda zake.

Mimi sikutosheka. Keshoye nikachukua darubini, nikamfuata kwenye dungu, nikamwambia nimekuja kumwonyesha kwelea wanatokea wapi. Tukakaa. Jua lilikuwa halijapanda vizuri kundi liliponyanyuka, na halikutoka mbali. Lilitoka kwenye mgunga wangu, likatua kwenye mistari iliyo kando ya ua, mashuke yakainama. Nikasogeza darubini, nikamwona dume mwenye mguu uliopinda, yule niliyekuwa nikimwekea chenga zake pembeni ili wenzake wasimwonee. Alikuwa akiminya punje moja baada ya nyingine, maziwa meupe yakimchuruzika mdomoni. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa na darubini.

"Ulikuwa unajua ni hawa?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na zile chenga ninazomwaga, ulikuwa unaziona?"

"Kila siku."

"Sasa mbona hukuniambia, wakati nakuhutubia pale?"

Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Ningeanzaje, Mwalimu? Wewe ni kama mama yangu."

Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona mbele ya darasa lolote. Nilikuwa nimewakusanya ndege na kuwanenepesha mlangoni pa shamba lake. Tena maisha yangu yote nimedai shikamoo na kuiitikia kama haki yangu, bila kufikiri kwamba heshima hiyo inaweza kumfunga mtu mdomo huku chakula cha mwanawe kinaliwa. Nikamwomba radhi. Aliyefadhaika ni yeye, asijue pa kuuweka uso, maana hakuzoea mkubwa amwombe radhi. Tukiwa katika hali hiyo kundi la pili likashuka, nami bado nimeng'ang'ania darubini.

"Piga debe, Mwalimu!" akafoka. "Usiwaangalie tu!"

Nikapiga.

Viota hatukuviangusha, mwenyewe alisema makinda waachwe mpaka waruke. Chenga niliacha kumwaga, na kila siku nikapanda dungu kumpokea ili apate kupika na kumnyonyesha mtoto kwa utulivu. Sauti ilinikauka. Siku nilipomrushia jiwe yule wa mguu uliopinda nilitokwa na machozi. Nilimkosa, nikashukuru Mungu, kisha nikarusha jingine.

Upande wa mbali mpunga ulijaa vizuri. Mistari ya kando ya ua tuliikata pamoja siku ya mwisho ya mavuno, bega kwa bega. Nilipukusa shuke moja kiganjani, nikapuliza. Yalikuwa mapepe matupu, yakapeperuka yote.

"Hasara hii ni yangu," nikasema, nikitegemea atanipoza.

Hakuinua kichwa. "Ndiyo, Mwalimu. Hii ni yako."

Tukaendelea kukata.