Nilivyokwenda Mbarara Kumlinda Fundi wa Neema

Mimi ni mtu wa nyumbani. Tangu tufike kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Kivu ya Kusini, safari yangu ndefu zaidi imekuwa kutoka kijijini kwetu Misiera hadi Base Camp, penye ofisi za kambi, na hata hiyo siifanyi kabla ya kula. Kwa hiyo kikundi chetu cha wakulima kiliponichagua niende mjini Mbarara, nilijua kuna jambo. Mama Furaha, mwenyekiti wetu, hakuzunguka. "Weye haujue mutu hata mumoja kule Mbarara," akaniambia. "Hakuna mwenye atakuhonga."

Jambo lenyewe lilikuwa Neema, gari letu kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne, tulilolinunua kwa kuchangishana. Mwanzoni lilikwenda sevisi Mbarara kila miezi minne. Sasa ni kila miwili: oili, filta, grisi, halafu oili tena. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Fabien, dereva wetu, amepatana na fundi. Filta kuukuu inapanguswa, inarudishwa palepale, nao wanagawana pesa. Nikaagizwa nikodoe macho, nirudi na kila chuma kitakachofunguliwa, na nikimkamata dereva, nimnyang'anye ufunguo wa gari. Fabien hana kazi nyingine. Tena ni kaka wa mke wangu.

Nilimwomba mke wangu chupa yake ya verni, ile rangi nyekundu ya kucha, nivitie alama vyuma vikuukuu visirudishwe kwa ujanja. Alinipa. "Ukimuletea kaka yangu aibu ya bure," akasema, "utalala na mbuzi."

Saa kumi na mbili asubuhi, Misiera. Kwetu, gari kwenda mjini tupu ni kama dhambi. Kila mwanakikundi alikuja na "kamuzigo kadogo": mahindi, ndizi, mihogo. Mimi, kwa heshima ya wadhifa wangu, niliweka magunia mawili tu ya maharage, yakiwa ya mwisho kupakiwa, nyuma kabisa.

Fabien alilizunguka gari, akatikisa kichwa. "Shemeji, mizigo iko mingi. Gari inalia."

"Mwenye gari ni nani?"

Akapanda, akawasha gari. Nikaandika kwenye daftari: *Dereva hataki tupakie. Anaficha nini?*

Njiani, baada ya Base Camp. Vumbi lilituingia hadi kwenye meno. Tuliruka shimo moja, na chini yetu kitu kikalia paa!

"Umesikia, shemeji?" Fabien akauliza.

"Nimesikia." Nikaandika: *Anapitia mashimo kusudi, fundi apate kazi.* Nilisoma hadi kidato cha mwisho, ati. Mambo kama hayo hayanipiti.

Saa nne, Mbarara. Tulishusha mizigo sokoni, maharage yangu nikauza, kisha nikamwomba Fabien asimame kwenye maduka matatu ya vipuri. Niliuliza bei ya oili kote. Zilikuwa zilezile alizokuwa akituletea kwenye risiti. Nikaona hawa wenye maduka nao wamepangwa.

Saa tano na nusu, gereji, upande wa Ruharo. Fundi alikuwa Mnyankore mnene, mcheshi. Nilivuta ndoo, nikaketi karibu na mikono yake kiasi kwamba oili ya kwanza ilinirukia suruali.

"Sebo," akasema, yaani bwana kwa lugha yao, "wewe nakuja tengeneza gari ama nakuja kamata mimi?"

"Endelea tu na kazi."

Akafungua filta ya oili. Nikaipaka verni. Akafungua filta ya hewa. Kabla sijafungua chupa aliigonga chini, na vumbi likamwagika kama unga kinuni.

"Angalia. Hii iko shamba, si filta. Unaweza panda mahindi." Akanigeukia. "Barabara ya vumbi, mzigo ya lori. Miezi mbili ni sawa. Mimi ndio nilimwambia dereva."

Nilipaka verni hata hivyo. Kisha akaingia chini ya gari, akapiga mluzi.

"Banange! Hii gari leo nabeba nini? Nabeba mlima?"

Akanivuta nikachungulie. Nyuma, kwenye zile springi bapa zinazopangwa moja juu ya nyingine, bapa moja lilikuwa limekatika. Pale lilipokatikia palimetameta, hapana hata doa la kutu. Lilikuwa limekatika asubuhi ileile, chini kabisa ya maharage yangu.

Nilimtazama Fabien. Angeweza kunisema mbele ya fundi. Alikuwa na haki. Akatazama barabarani.

"Na hii, sebo," fundi akasema, akinipa kile chuma, "hupaki rangi?"

Bapa jipya lilizidi bei ya oili na filta zote mbili. Pesa ya kikundi haikutosha. Ya maharage ilitosha, ikaisha.

Tukirudi, gari likiwa tupu, Neema ilikwenda kimya kama imelala. Baada ya mji mdogo wa Kaberebere nikamuuliza. "Fabien, kwa nini hukutukataza kupakia?"

"Nikatale nani, shemeji? Muko benye gari. Kila siku nasema, na kila siku munaniuliza mwenye gari ni nani."

Saa kumi na moja jioni, Misiera. Wanakikundi walikuwa wakitungoja. Nikamwaga kiroba cha vyuma miguuni pao, filta zikiwa nyekundu kama zinakwenda harusini.

"Haya," Mama Furaha akasema. "Mwizi umemupata?"

"Nimempata." Fabien alikuwa ameshika ufunguo mkononi, tayari kuutoa. Nikaweka lile bapa lililokatika juu ya filta, nikafungua chupa, nikajipaka kidole gumba. "Ni mimi. Magunia mawili ya maharage. Na kabla ya leo, sijui mangapi."

Mama Furaha akatazama vidole vyake, akaguna. "Mimi mihogo. Leta."

Ufunguo ulibaki kwa Fabien, na sasa yeye ndiye anayesema mzigo umetosha. Siku hizi akisema, tunaguna, tunashusha. Mimi nimejifunza kwamba mtu akienda kumsaka mwizi, asiende na chupa ndogo: verni ya mke wangu iliisha kabla vidole vya wanakikundi havijaisha, na kwa sababu ya chupa hiyo, si ya kaka yake, nililala na mbuzi.