Punje ya Maharagwe Iliyolazwa Wadini

Hata nikiandika hii masikio yananichoma, lakini wacha niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka kwa watu wa Kajiado, kwa wakwe zangu, maana huko imeshaota pembe na mkia: ndio, ni mimi niliyemlaza mtoto hospitali kwa sababu ya maharagwe.

Nilikuwa nachagua maharagwe hapa kwetu Kitengela, Lemayian wangu wa miaka mitatu ametulia sakafuni (mtoto akitulia jua kuna shida), kugeuka hivi ameshasukuma punje moja puani na analia mdomo wazi. Nikambeba mbio hadi hospitali, nikihofia itateremka mapafuni. Kwa chumba cha dharura kulikuwa na benchi, na hapo msichana mdogo, kifua kinapiga filimbi, ameegemea mamake. Karani hakuangalia pua ya mtu, aliangalia kompyuta.

"Mama, bima yako inasoma, iko hai hapa kwa kompyuta. Lakini kuitoa hiyo punje hapa ni keshi. Bima inalipa akilazwa."

"Alazwe kwa maharagwe?"

"Amua wewe."

Na mimi (keshi sina, mume wangu yuko mnadani Kiserian na simu imezima) nikasema basi mlazeni. Hapo ndipo nilijiharibia. Kufumba na kufumbua mtoto amevalishwa gauni, amedungwa dripu mkononi (dripu ya pua, jamani!), na tunaambiwa tungoje daktari wa wadi, ambaye mpaka leo sijamwona. Mama mkwe akapiga simu. Nikamwambia, "Yeyo, mtoto amelazwa, lakini..." na kwa hiyo "lakini" simu ikakatika.

Mchana huo huo wakaingia. Yeyo mbele, nyuma yake akina mama wa kanisa lake, chupa za supu ya mbuzi, Biblia, na Kokoo, nyanya ya mume wangu, na ugoro wake. Wakazunguka kitanda, wengine wanalia, mmoja anakemea mauti, na mimi badala ya kusema ukweli nikafumba macho nikaitikia amina (wewe ungesema?). Kisha Kokoo akainama ambariki mtoto kwa mate, kama desturi yao Wamaasai, vidole vimejaa ugoro. Lemayian akapiga chafya moja ya mtu mzima. Punje ikaruka, ikatua juu ya Biblia, imevimba, inang'aa.

"Hii ni nini?" Yeyo akauliza.

"Ni maharagwe, Yeyo."

"Nimeacha ng'ombe bila maji, nikatoa kanisa lote Kajiado, kwa maharagwe?"

"Tena hayajaiva," Kokoo akasema.

Nesi naye akaja mbio: mtoto amepona, sawa, lakini haendi, akitoka kabla ya kesho bima haitawalipa wao, kwa hivyo nitalipa mimi. Nikamwambia atoe hiyo sindano au nitaitoa na meno. Akina mama wakachanga, bili ikalipwa, hakuna hata mmoja aliyenitazama, Yeyo akafunga kilichobaki kwenye leso, tukatoka.

Msichana alikuwa bado pale benchini. Midomo imebadilika rangi.

"Wako amepona?" mamake akaniuliza.

Nikamjibu haraka haraka, kitanda chetu kiko wazi, ingieni.

"Kitanda najua kiko," akasema. "Ni bima yangu ndio haisomi."

Jamani, chafya ilikuwa aibu ndogo. Bima yangu inayosoma ilikuwa imelaza punje ya maharagwe, na mgonjwa mwenyewe yuko kwa benchi.

Yeyo alifungua ile leso na kumwaga pesa zote kwa kaunta, nauli ya kanisa zima ya kurudi Kajiado. "Mgonjwa ni huyu. Mlazeni." Na supu akamwachia mamake.

Akina mama walilala kwangu, sakafu nzima, wakiongea Kimaasai na kucheka, na nilijua wanacheka nini. Nimeapa: nikiulizwa tena kama mtoto alazwe, nitauliza kwanza anayeumwa ni nani, mtoto au bima. Na maharagwe nachagua nikiwa nimefunga mlango, Lemayian akiwa nje.