Bi Harusi na Boya la Kabureta

Bado naiona siku ile, mwanangu, nilipopakiwa kwenye pikapu kuukuu pale Baraka nipelekwe kijiji cha Lweba kwa mume wangu, nimefunikwa kitenge kichwa mpaka magoti, nimekatazwa kusema. Ndivyo tulivyolelewa nyumbani kwetu: bi harusi hafungui kinywa njiani mpaka wakwe zake wamfungue kwa zawadi. Basi mimi hata chafya niliimeza.

Taabu yangu ni kwamba mimi ni binti wa fundi. Wenzangu wakicheza, mimi nilikaa na beseni la mafuta ya taa, namwoshea baba vyombo vya kabureta na kuvipanga juu ya ungo. Kulikuwa na jikleri, kale kachombo kenye tundu kanakopima petroli. Kulikuwa na sindano inayofunga njia ya petroli. Na kulikuwa na boya, ambalo sisi huliita floteri, kibuyu cha shaba kinachoelea. Kikipanda, sindano inafunga. Baba hakupenda nitaje jina la chombo kabla sijakishika. "Shika kwanza," alikuwa akiniambia, "kisha useme."

Dereva wetu alikuwa Noko Amisi, mjomba wa mume wangu, mtu wa maneno mengi na roho nzuri. Tulipotoka tu Baraka nikasikia harufu ya petroli. Nikanyamaza. Bamama waliokaa nyuma wakaimba na kupiga vigelegele, tukaenda, mwisho gari likakohoa, likatoa moshi mweusi, likazima.

"Iko jikleri!" Noko akatangaza, kichwa ndani ya boneti. "Imeziba. Hii gari mi naijua kuliko bibi yangu."

Akaichomoa, akaipuliza, akairudisha. Mimi chini ya kitenge nachemka! Jikleri ikiziba, mwanangu, gari hukosa petroli. Hili letu, kwa harufu ile na moshi ule mweusi, lilikuwa linazama ndani ya petroli. Boya ndilo lililotoboka, likanywa, likazama, na sindano ikashindwa kufunga. Pale mbele nilipokaa nikachungulia pembeni ya kitenge, kwenye upenyo chini ya boneti iliyofunuliwa, nikaona petroli inachuruzika kuelekea bomba la moshi, nalo lilikuwa la moto. Na Noko huyo, anarudi kuwasha tena.

Nikisema, labda watanirudisha kwa baba na aibu yangu. Nisiposema, bamama wale wataungua na wimbo mdomoni. Niliogopa, sikufichi. Kisha nikatupa kitenge.

"Noko, usiwashe! Mushuke bote! Floteri imetoboka!"

"Yoo!" Shangazi yangu aliyenisindikiza akashika kichwa. "Mutoto, unatupatisha haya!"

Lakini walishuka, tena mbio, naye shangazi mbele yao. Injini ilipopoa nikakunja mikono ya gauni la harusi, nikalitoa boya, nikalitikisa karibu na sikio la Noko. Chwa, chwa, ndani kuna petroli.

"Eh! Kumbe floteri ndiyo imelewa!" akasema, akacheka mwenyewe.

Nikaomba maji ya moto kwenye nyumba iliyokuwa karibu na barabara, nikalizamisha boya humo, mbali na jiko. Vipovu vikatoka mahali pamoja, penye tundu dogo kama jicho la sisimizi. Petroli ilipokwisha kutoka, nikalifuta, nikaziba lile tundu kwa sabuni kavu, maana petroli haiyeyushi sabuni. Nikalirudisha boya mahali pake, Noko akawasha, gari likanguruma vizuri kabisa. Bamama wakaanza wimbo upya, na mara hii wakalitia jina langu ndani.

Tulipofika Lweba, mama mukwe wangu alikuwa amesimama uani na kuku mkononi. Shangazi akapiga magoti kabla sijashuka. "Mama, mutusamehe. Mutoto wetu alisema mu njia." Akamweleza yote. Mama mukwe akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akanigeukia, uso umekaza.

"Harufu uliisikia tangu wapi?"

"Tangu Baraka, Mama."

"Na ulinyamaza na bantu ndani ya gari?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi haya yako iko pale, mu kunyamaza. Haiko mu kusema." Akaniwekea kuku mikononi. "Hii kuku haiko ya kukufungula kinywa. Iko ya kukuomba usikifunge tena."

Nililia kwa furaha, na kuku naye akapiga kelele, tukawa wawili.

Mwanangu, siku hizi vijana wenye magari ya zamani wananionyesha picha kwenye simu: Bibi, hiki ni chombo gani? Nawajibu, kileteni nikishike. Nawe fanya hivyo. Usitaje usichokijua ili tu uonekane fundi. Lakini ukishajua, sema, hata mbele ya wakubwa, sema kwa heshima na usichelewe, kwa sababu adabu haikumwomba mtu anyamaze wenzake wakiungua. Mficha uchi hazai, walisema wazee, nami nimezaa mpaka nimechoka.

Mungu akupe mikono isiyochukia mafuta, na pua inayojua hatari ikiwa bado mbali. Akupe na watu watakaofurahi ukifungua kinywa chako.