Kampuni Kubwa na Ufunguo wa Auleria

Sanduku la kikundi cha akina mama wa Murukulazo lina makufuli matatu, na funguo zake hukaa kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Alhamisi ile makufuli mawili yalikwisha kufunguliwa. Ufunguo wa tatu ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kitenge cha Auleria, na Auleria alikuwa ameukalia.

Ndani mlikuwa na milioni tatu, jasho la miaka miwili la maharage na kahawa. Kikao kilichopita walikubaliana wasizigawane, wanunue hisa Dar es Salaam, tena za kampuni kubwa tu, maana kubwa ikipigwa na upepo haing'oki upesi kama ndogo. Wiston, mtoto wa mwenyekiti Magdalena, muuza spea wa Lusahunga, ndiye aliyeleta majina mawili: kiwanda cha chai, hisa moja shilingi elfu sita, na benki, hisa moja mia nne. Hiyo mia nne waliicheka. Katika vikundi vya kwetu, kikundi kikubwa ndicho chenye hisa ya bei kubwa. Wa hisa ya elfu tano hata salamu ya wa hisa ya elfu moja huiitikia kwa pua. Basi kiwanda cha chai ndicho kikubwa, shauri limekwisha.

Kwa Auleria lilikuwa bado. Enzi za kambi ya wakimbizi ya Lukole, maharage yalipokuwa yakinunuliwa kama maji ya kiangazi, wenzake walimkabidhi kopo la fedha zao. Akaja mfanyabiashara na lori, ana haraka, maneno matamu, Auleria akafungua kopo, akampa zote akawaletee maharage. Lori lile halikurudi. Mwenzake mmoja aliuza shamba la migomba kwa ajili ya siku ile, akahama, na hadi leo Auleria akikutana na watoto wake kanisani hutazama chini.

Wiston akasema dalali wa hisa anataka fedha kabla ya saa sita. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Auleria," akasema Magdalena, "umekalia ufunguo au umetaga?"

Wanawake wakaangua kicheko. Auleria hakucheka.

"Nitaatamia mpaka nijibiwe. Hicho kiwanda kina hisa ngapi?"

"Bibi, si nimesema elfu sita?"

"Sikuuliza bei, mwanangu. Nikikuuzia mkungu mmoja kwa bei ya kuruka, utajua shamba langu lina migomba mingapi?"

Wiston akatazama simu, akamtazama mama yake. Akampigia dalali, binti aitwaye Irine, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Irine akamwamkia bibi shikamoo, akaitikiwa, akataja hesabu: kiwanda, hisa milioni ishirini; benki, hisa bilioni tatu.

Auleria akaokota kipande cha mkaa, akazidisha pale pale sakafuni, darasa la saba la zamani halijamtoka. Chai, bilioni mia moja na ishirini. Benki, trilioni moja na bilioni mia mbili. Magdalena akazihesabu sifuri kwa kidole, akarudia, midomo ikicheza. Ile waliyoicheka ilikuwa kubwa mara kumi.

Irine akasema ndivyo wanavyopima: bei ya hisa moja mara hisa zote, ndipo kampuni huitwa kubwa, ya kati au ndogo. Tena mpaka si mmoja duniani. Kubwa ya hapa huenda ng'ambo ikahesabiwa ndogo.

"Na kubwa nayo hushuka, bibi," akaongeza. "Nisikudanganye."

Zilibaki dakika kumi.

"Basi benki," akasema Magdalena, bila kumtazama mwanawe. "Fungua."

Hapo ndipo Auleria alipopiga hesabu nyingine. Wangenunua chai ikaanguka, wangemlaani Wiston. Benki ikianguka, ni yeye tena, na safari hii hakuna lori la kusingizia. Alivuta fundo la kitenge, likakataa. Akalilegeza kwa meno. Kufuli likalia. Sanduku likafunguka, lakini hakuna aliyelitazama. Macho ya kikundi kizima yalikuwa kwake.